Msaada: nirudie kuunga faiba kwa mekaniko au tununue mashine? Linki inakatika upepo ukivuma (Newala)

Karani_wa_Ghala

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri wa haraka. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wanachama kujieleza.

Tuna kebo ya faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mtandao kwa mwanga) ya kori 12, yaani nyuzi 12, kutoka ofisi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, hadi ghalani, kama kilomita 1.6, imepita juu ya nguzo. Lori lenye mzigo mrefu lilikwangua sehemu inayovuka barabara. Tukakata palipojeruhiwa, tukaweka kipande kipya cha mita 150, na viungo viwili, kimoja kila mwisho. Vimeungwa kwa mashine ya fyusheni (inayoyeyusha ncha mbili za kioo kwa cheche ya umeme zishikane) ya kukodi kutoka Mtwara mjini, na mashine ilisoma hasara ya 0.02 dB (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea) kwa kila kiungo. Tangu siku hiyo linki ipo, lakini mchana upepo ukivuma inakatika, inarudi, inakatika. Usiku shwari kabisa.

Swali langu ni moja tu: vile viungo viwili nivirudie kwa mekaniko (kuna kijana anauza vile vya kubana, anasema havihitaji mashine), au tununue mashine yetu ya fyusheni? Kamati imeshakaa na inaelekea kununua. Mnaojua, nitajieni sifa za mashine nzuri.

Kebo_Juu

Mkuu, kwa nyuzi chache unazotumia usinunue mashine. Kiungo cha mekaniko ni kijisanduku chenye mfereji wa V na jeli ndani. Ncha mbili zinakutana katikati, na jeli inaziba ile nafasi ndogo iliyobaki ili mwanga usirudi nyuma. Hasara yake ni kama 0.1 hadi 0.3 dB, fyusheni iko chini ya 0.1. Kwa linki fupi hivyo hutaona tofauti.

Zingatia tu kwamba ncha zikatwe kwa kliva halisi (kifaa cha kukatia kioo cha faiba), zisikatwe kwa wembe wala mkasi. Ingiza uzi mpaka uhisi umegusana na mwenzake na kujipinda kidogo, ndipo ubane. Ukifungua na kufunga mara kadhaa jeli inachukua uchafu, kitupe uchukue kingine. Udhaifu wake uko hapo kwenye jeli: jua la mchana na baridi ya usiku miaka nenda rudi vinaisogeza, na hasara inapanda polepole. Kwa dharura kinatosha. Kwa njia ya kudumu juu ya nguzo, hapana.

Nyuzi_125

Mimi nizungumzie fyusheni, maana ubovu mwingi wa kiungo unaingia kabla cheche haijawaka.

Slivu (kijimrija cha kulinda kiungo) ya milimita 60 inavishwa kwanza kwenye uzi mmoja. Ukisahau, utakata kiungo kizuri uanze upya. Vua ganda la rangi, lile la maikroni 250 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kiasi cha sentimita 3 hadi 4, kibaki kioo cha maikroni 125. Futa kwa kitambaa kisichoacha manyoya kilicholowa isopropili ya asilimia 99, mpaka usikie kioo kinalia kwenye kitambaa. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji, inaacha ukungu. Ukishafuta hakuna kugusa tena. Kliva ikate ncha wima kabisa. Ikikosea isizidi digrii moja, na nusu digrii ndiyo kazi safi. Ncha ikiwa na kipengele pembeni, mashine itakataa au itakuachia kiputo katikati ya kiungo.

Kwa Newala naongeza mawili. Mashine ikitoka pwani ikapanda uwanda wa Makonde, hewa imebadilika na unyevu umebadilika, kwa hiyo joto la cheche nalo limebadilika. Fanya urekebishaji wa cheche kwa vipande vya majaribio kwanza. La pili ni salfa. Miezi ya kupuliza mikorosho unga ule unatua kila mahali, hata kwenye mfereji wa V wa mashine. Chembe ya maikroni mbili tatu inatosha kuinua uzi, na kiini kinachobeba mwanga kina takriban maikroni 9 tu. Unga ndani ya gari, vioo juu.

Ukinunua, chagua mashine inayolinganisha kiini. Zile za bei ya chini zinalinganisha kioo cha nje tu.

Bi_Desibeli

Kaka Karani, kabla ya kununua chochote naomba namba. Tufanye hesabu ya njia yako. Kwenye mwanga wa nanomita 1310 kioo kinakula takriban 0.35 dB kwa kilomita, kwenye 1550 takriban 0.22. Kilomita 1.6 ni 0.56 na 0.35. Viungo vinne, viwili vya barabarani na viwili vya pigiteli (vipande vifupi vyenye konekta mwishoni mwa kebo), ukivipa 0.1 kila kimoja ni 0.4. Konekta mbili kwa 0.5 ni dB 1. Jumla haifiki hata dB 2.

Unapokea dBm ngapi (nguvu ya mwanga) kila upande, mchana na usiku? Moduli, vile vifaa vya swichi vinavyotuma na kupokea mwanga, ni za aina gani? Na kwenye ganda la kile kipande kipya pameandikwa nini?

Karani_wa_Ghala

Asante dada. Ni moduli za SFP za uzi mmoja, 1310 mwelekeo mmoja na 1550 mwelekeo mwingine, zimeandikwa kilomita 20, zinapokea hadi −23. Zinatuma kama −5 pande zote. Namba nimezisoma kwenye swichi:

Ghalani, asubuhi saa 3, −13. Saa 8 mchana upepo ukiwepo, ndani ya dakika moja: −14, −19, −24, linki ikafa, ikarudi −16. Saa 4 usiku −12, imetulia.

Ofisini, muda wote kati ya −15 na −17, inatikisika kidogo tu.

Kuhusu kebo, kebo ni nzuri. Ni nyeusi, ina waya mbili za chuma, imara kuliko ile ya zamani. Imeshanunuliwa na imeshapanda nguzoni, tusirudi huko. Naomba tubaki kwenye viungo.

Mwalimu_Mikindani

Ndugu yangu, mimi sina la kusema kuhusu dBm, nina la usalama. Kebo yenye waya za chuma umeipandisha kwenye nguzo za nani? Kama ni nguzo za umeme, mwenye nguzo ameridhia? Kebo za faiba za nguzo za umeme za mtaani kwa kawaida hazina chuma, kwa sababu waya ukikatika na kugusa chuma, umeme unasafiri hadi mezani kwa karani. Tena kazi hii kwa malipo inataka leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya ufungaji na matengenezo. Vijana wanaokwenda kuunga wavae miwani, wakate juu ya kitambaa cheusi, na vipande vyote viingie kwenye chupa yenye kifuniko. Kipande cha kioo cha maikroni 125 kikizama kwenye kidole hukioni, na kikiingia jichoni ni balaa. Wala mtu asichungulie ncha ya faiba inayofanya kazi; mwanga wa 1310 na 1550 hauonekani.

Fundi_wa_Masasi

Tatizo nimeliona. Upande unaokatika ni ghalani, na nadhani ghalani ndiko kunakopokea 1550. Huo ni mpindo. Faiba ya kawaida ya masafa marefu, G.652, ikikunjwa chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, 1550 inavuja kabla ya 1310. Fungua klosha (sanduku linalohifadhi viungo), utakuta uzi umebanwa na mfuniko wa trei au umezungushwa kwa mduara mdogo mno. Upepo ukitikisa klosha, mpindo unakaza na kulegea. Panga upya mizunguko, kila uzi ubakie na akiba ya mita moja au zaidi ndani ya trei, mengine yatanyooka.

Bi_Desibeli

Mpindo ungekuwa jibu zuri kama ofisini kungekuwa salama. Angalia tena: anatuma −5, alipaswa kupokea takriban −7. Ofisini anapokea −15 hadi −17 kwenye 1310, mchana na usiku. Hapo dB 8 hadi 10 zimepotea. Mpindo unaokula dB 8 kwenye 1310 ungeifuta 1550 kabisa, wakati ghalani usiku anapata −12, bora kuliko ofisini. Kwa hiyo kuna kitu kinakula pande zote mbili, kisha kinayumba zaidi upande mmoja.

Kaka Karani, nakuomba kwa heshima. Soma maandishi yaliyo kwenye ganda la kipande kipya, herufi kwa herufi.

Karani_wa_Ghala

Sawa. Pameandikwa GYXTW-12A1a, halafu 50/125, halafu mita.

Ila naomba nieleweke. Muuzaji alisema faiba ni faiba, zote nje ni maikroni 125, na kweli nyuzi zina rangi zilezile 12 kama za kebo ya zamani. Mashine ilizikubali bila kupiga kelele, 0.02. Kama ingekuwa kebo tofauti, mashine si ingekataa? Tena tulichukua roli zima la mita 500 kwa bei nzuri, na kamati iliidhinisha. Siwezi kurudi kwao kusema tuiteremshe. Ndiyo maana nauliza viungo.

Nyuzi_125

Karani, hapo ndipo penyewe. A1a ni faiba ya multi modi (mwanga una njia nyingi ndani yake), kiini maikroni 50. Kebo yako ya zamani ni singo modi (njia moja tu), kiini 9. Kwenye ganda la aina hiyo ya kebo ungesoma B1.3, au G.652D, au 9/125. Ganda la nje la kebo za nguzoni ni jeusi kwa zote, na rangi za nyuzi ndani zinafuata mpangilio mmoja: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, bluu bahari. Macho hayawezi kukuambia. Maandishi ndiyo yanakuambia.

Na mashine haikupima mwanga. Ile 0.02 ni makadirio ya picha: imetazama kingo za nje za vioo viwili, ikaona 125 imekutana na 125, imenyooka, ikatoa namba. Kwa mashine ya bei ya chini kiini hakimo kwenye hesabu.

Mwanga ukitoka singo kuingia multi hauna shida, mlango ni mpana. Ukitoka multi kurudi singo ni kama kumimina ndoo kwenye mdomo wa chupa. Hamsini gawanya kwa tisa, zidisha kwa yenyewe, unapata eneo mara 31. Peke yake ni dB 15. Ukiongeza tofauti ya pembe ambazo kila kiini kinapokea mwanga, unafika kati ya 15 na 20. Na njia yako ina mshono wa aina hiyo kwa kila mwelekeo. Viungo vyako inawezekana ni vizuri sana. Ukivirudia kwa mekaniko au kwa mashine ya gharama yoyote, kiini kitabaki 50.

Mtazamaji_Lindi

Ndugu zangu, mimi naona mnajibu kisa cha kutunga. Hesabu ni yenu wenyewe: 15 hadi 20 zinapotea kwenye mshono. Toa kwenye −5, unapata −20 hadi −25 wakati wote, na linki isingewaka hata siku moja. Huyu anatuambia usiku anapata −12 shwari. Haiwezekani. Halafu mtu asiyejua A1a ni nini anawezaje kusoma dBm saa 3, saa 8 na saa 4? Na mwanzo kabisa aliomba “sifa za mashine nzuri”. Kesho atatokea mwenzake na tangazo la mashine. Nimeshaona mada za namna hii humu jukwaani.

Karani_wa_Ghala

Kaka, sina mashine ya kuuza. Namba ziko kwenye swichi, fundi aliyetufungia alinionyesha amri moja ya kuandika, inatoa joto la moduli, inayotumwa na inayopokewa. Nimenakili kama zilivyo. Kama haziwezekani, basi nielezeni kwa nini ninaziona.

Bi_Desibeli

Zinawezekana, na kwa maoni yangu ndizo zinazothibitisha kisa. Mtu wa kutunga angeandika −22 iliyotulia, kama ulivyotarajia wewe, Mtazamaji.

Ile 15 hadi 20 ni pale mwanga unapokuwa umejaza kiini chote cha maikroni 50 sawasawa. Hapa mwanga umeingia kutoka kiini cha 9, katikati, kwa kiungo kilichonyooka. Umejaza njia chache tu kati ya nyingi zilizomo. Mita 150 ni fupi, hauna nafasi ya kutawanyika kote. Ukifika mwisho bado sehemu kubwa iko karibu na katikati, na singo inaidaka. Ndiyo maana usiku anapoteza dB 5 hivi tu zaidi ya hesabu.

Lakini zile njia chache hazisafiri kwa mwendo mmoja. Mwishoni zinakutana na kuingiliana, zinachora madoa ya mwangaza na giza kwenye uso wa kiini. Ukiitikisa kebo, au jua likiipasha, madoa yanahama. Kiini cha 9 kinadaka doa lililopo mbele yake: mara lenye mwanga, mara lenye giza. Huo ndio upepo wake wa saa 8. Leza ya 1550 kwenye moduli za aina hii kwa kawaida ni DFB, rangi yake ni nyembamba sana, kwa hiyo madoa ni makali. Ya 1310 kwa kawaida ni Fabry-Perot, rangi zake ni kadhaa, madoa yanajifuta yenyewe na inabaki hasara ya wastani. Ofisini kumetulia kwenye −16, ghalani kunacheza. Hakuna anayetunga hilo bila kuwa mtaalamu, na mtaalamu asingepandisha kebo ile.

Karani, kama ulibakiza akiba ya kebo mpya karibu na klosha, mahali panapofikika kutoka chini na mbali na umeme, itikise kwa mkono bila kugusa klosha. Mwenzako asome ghalani.

Karani_wa_Ghala

Akiba ipo, imefungwa kwenye nguzo yetu wenyewe uani, usawa wa kifua. Nimeitikisa sasa hivi, usiku, hakuna upepo. Ghalani: −12, −17, −13, −21. Nikiacha inatulia, lakini inatulia kwenye −14, hairudi pale ilipoanzia. Klosha sijaigusa.

Mtazamaji_Lindi

Basi nimeondoa neno la kutunga. Kebo ndiyo yenye kosa.

Fundi_wa_Masasi

Kama ni hivyo, si kuna zile pachikodi (waya fupi za faiba zenye konekta) za kurekebisha modi, zinazowekwa kati ya leza ya singo na kebo ya multi? Anunue mbili, kebo ibaki juu.

Nyuzi_125

Zile zinasaidia leza ya singo kuingia multi ambayo mwisho wake ni kipokezi cha multi. Zinausogeza mwanga pembeni ya kiini makusudi. Hapa mwanga lazima urudi kwenye singo, kwa hiyo kuusogeza pembeni ni kuupeleka mbali zaidi na mdomo wa chupa. Zitamwongezea hasara.

Karani, teremsha. Najua kamati ni mtihani, ila roli halijapotea, nitakuja huko. Nunua kebo ya singo, G.652D, ya kujibeba yenyewe isiyo na chuma, urefu wa mita 170 na kitu. Ile GYXTW haikutengenezwa kujibeba angani, inataka kufungwa kwenye waya wa kuibeba, na hapo Mwalimu alisema kweli kuhusu chuma. Mita 150 ni njia, zinazobaki ni akiba ya mita 10 kila upande, ili klosha iweze kushuka chini na kuungwa juu ya meza, si juu ya ngazi.

Mashine kodi, usinunue. Unga kori zote 12, rangi kwa rangi, maana mashine ikishafika gharama ya kori zinazobaki ni muda tu. Kwenye kiungo cha zamani usiunge juu ya ncha ileile. Kata sentimita kadhaa nyuma, vua upya. Slivu ikitoka kwenye tanuri la mashine iache ipoe kabla ya kuilaza kwenye trei, ikiwa ya moto inapinda na uzi ndani yake. Mpira wa klosha ukiwa umebonyea au una mchanga, badilisha. Mvua za Desemba zitaingia. Kisha OTDR (kipimo kinachotuma mwanga na kuonyesha hasara ya kila sehemu ya njia) kutoka ofisini na kutoka ghalani, kwenye 1310 na 1550, na hasara ya kila kiungo ni wastani wa pande mbili. Upande mmoja peke yake unaweza hata kukuonyesha kiungo kinachoongeza mwanga, kwa sababu kebo mbili hazirudishi mwanga kwa kiwango sawa. Kiungo kikizidi 0.1 kata urudie. Baada ya hapo swichi ikusomee takriban −7 pande zote, upepo uwepo usiwepo.

Karani_wa_Ghala

Nimeelewa. Kamati nitakwenda nayo na hizi namba za kutikisa, naona zitanisaidia kuliko maneno. Ila nina mita 350 kwenye roli na hizo 150 zitakazoshuka. Kutoka ghala hadi chumba cha mzani ni kama mita 90, tulikuwa tunataka kuvuta waya wa mtandao. Naweza kuitumia hapo?

Bi_Desibeli

Hapo inafaa kabisa. Waya wa shaba unaishia mita 100 na unapitisha umeme wa radi. Multi yako inafika mita 550 kwa moduli za SX, za umbali mfupi, za nanomita 850. Lakini kila kitu kiwe multi toka mwanzo hadi mwisho: moduli za 850 pande zote, pigiteli za 50/125, pachikodi za 50/125. Uzi mmoja hautoshi, SX inatumia nyuzi mbili, ya kutuma na ya kupokea, zikigeuka taa haiwaki, zibadilishe upande mmoja tu. Ipitishe ardhini ndani ya bomba, chuma chake kifungwe kwenye waya wa ardhi pale kinapoingia jengoni. Tumia zile 350 ambazo hazijapanda. Zilizoshuka zipime kwanza, zimening'inia bila waya wa kuzibeba.

Na roli ulipake rangi, uandike MULTI pande zote mbili, kabla mtu hajaja kukata kipande cha dharura.